Refa Hunywa wa Mwisho

Mwaka ule mvua ilipita mbali, haikupiga hata hodi. Mto ukakauka ukabaki njia ya mchanga, na wanyama wakawa wanautembea kwa miguu huku wakikumbuka mahali walipokuwa wakiogelea.

Aliyewaokoa ni Bi Tembo. Alichimba mchangani kwa mguu na mkonga siku mbili mfululizo mpaka maji yakatokeza. Kilikuwa kisima kimoja chembamba, kinachojaa polepole. Waliokunywa mwanzo waliyapata maji meupe na ya baridi. Waliofuata walikunywa tope, wakarudi nyumbani wameshika matumbo.

Kwa hiyo kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza. Siku ya kwanza zilitumika pembe, siku ya pili yalitumika meno, na siku ya tatu kingo za kisima ziliporomoka, ikambidi Bi Tembo achimbe upya. Alipomaliza, aliwakusanya wote akasema:

"Wakubwa mmeshindwa. Basi wataamua watoto. Kila siku ya tatu watacheza mpira, watoto wa Bondeni na watoto wa Mwinuko. Upande utakaoshinda utakunywa kwanza. Mpaka mvua irudi, hakuna kupigana wala kulana. Na mchezo usipomalizwa na refa, hanywi mtu. Mmenisikia?"

Fisi aliuliza kama kulana kidogo kunaruhusiwa. Hakukuruhusiwa.

Bondeni walikaa Simba, Fisi na Sungura. Mwinuko walikaa Swala, Ngiri na Nyani. Ndege Mnana aliwashonea watoto mpira wa majani makavu, akaufunga vizuri kwa nyuzi za mkonge. Simba alijitangaza kuwa Mlezi wa Michezo, akapanda juu ya kichuguu kilichokuwa pembeni mwa uwanja, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke, cheo kikawa chake.

Palibaki kumpata refa. Hapo wote walianza kutazama kucha zao. Kila mmoja alizijua sheria zote za mpira, na kila mmoja alikuwa tayari kuzieleza akiwa ameketi. Wa kuzisimamia uwanjani hakuonekana.

"Apewe Pimbi," Nyani alisema mwishowe. "Hana mkia, hata mkikasirika hamtapata pa kumvuta."

Wakacheka, na Pimbi akakubali. Alikuwa mnyama mdogo wa kahawia, akikaa peke yake katika ufa wa mwamba, na sauti yake ilikuwa kali kama filimbi. Akilia mara moja, mchezo ulisimama. Akilia mara tatu, mchezo ulikuwa umekwisha, na Bi Tembo, aliyekaa kisimani nyuma ya kona ya mto, alifungua maji.

Refa alikuwa na desturi mbili. Ya kwanza aliwekewa na Bi Tembo: yeye alikunywa wa mwisho, nyuma ya upande ulioshinda na upande ulioshindwa, ili asije mtu akasema amenunuliwa kwa maji. Mara nyingi zamu yake ilipofika, kisimani kulikuwa na mchanga mbichi tu. Aliulamba, akashukuru, akarudi mwambani kwake.

Desturi ya pili alijiwekea mwenyewe. Kabla ya mchezo aliwapanga watoto wote mstari mmoja, akawainua miguu mmoja mmoja, akang'oa miiba kwa meno yake ya mbele. Hakuruka mguu wala kwato. Watoto walimwita Mjomba Pimbi. Wazazi wao hawakuliona jambo hilo, kwa sababu wakati huo walikuwa wanagombania pa kukaa.

Ikatokea Bondeni wakafungwa mara mbili mfululizo. Asubuhi ya mchezo wa tatu, Sungura alimkuta Fisi njiani, anatembea amejikunja.

"Jirani, tumbo linaendeleaje?"

"Usiniulize. Tangu juzi nashinda kichakani kuliko nyumbani."

"Pole sana. Na yote haya kwa ajili ya Pimbi."

"Kwani Pimbi ndiye aliyetia tope?"

"Tope hakutia. Alilikataa bao la mwanao Doa, ndiyo maana ukanywa tope."

"Alisema Doa alishika mpira kwa mkono."

"Fisi, mwanao ana mikono?"

Fisi alisimama akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda. "Ana miguu minne," alisema.

"Basi?"

"Mwizi yule!" Fisi alifoka.

"Hilo umesema wewe," Sungura alisema, akayalaza masikio yake kwa upole. "Mimi ni mtu wa amani. Ninachojua ni kwamba refa akitiwa hofu kidogo huanza kuona vizuri. Na kando ya uwanja pale kuna mawe mengi, nashangaa watu huyakalia tu."

Kisha akapanda kichuguuni kumwamkia Simba.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mlezi. Nimesikia jambo, lakini naogopa kulisema."

"Sema."

"Pimbi anasema akiwa uwanjani hajui mtoto yupi ni wa nani. Anasema kwake wote ni sawa."

Manyoya ya shingo ya Simba yalisimama. "Hamjui mwanangu Ngurumo?"

"Mimi nilishangaa pia," Sungura alisema, akashuka.

Mchezo ulianza jua likiwa kali. Ngurumo alikuwa kapteni wa Bondeni, kwa sababu ambayo hakuna aliyeiuliza. Watoto walicheza vizuri. Binti Swala alifunga bao, Doa akasawazisha, na walipogongana walisaidiana kuinuka. Lakini juu kwenye mawe wazazi hawakutulia.

"Mkanyage!" alipiga kelele mmoja.

"Refa kipofu!" akapokea mwingine.

"Rudi mwambani ukalale!"

Zikiwa zimebaki dakika chache, Binti Swala aliuchukua mpira akampita Doa, akampita mtoto wa Sungura, akakaribia goli. Ngurumo alimkwatua miguu yote kwa nyuma. Binti Swala akaanguka kifudifudi, na Pimbi akalia mara moja, akaonyesha mahali pa kupiga penalti.

Ngurumo mwenyewe aliinamisha kichwa. "Samahani," alimwambia Binti Swala. "Nilichelewa."

Lakini wazazi hawakuisikia samahani hiyo. Sungura alikuwa ameinama sikioni mwa Fisi. "Maji meupe yale yanaondoka, jirani," alinong'ona. "Yanaondoka hivi unavyotazama."

Fisi akaokota jiwe. Alilipima mkononi, akamtazama Simba kuona kama Mlezi atasema kitu. Simba alimwona. Aliliona jiwe, akamwona na Pimbi amesimama peke yake katikati ya uwanja. Kisha akageuza kichwa akatazama juu, kama anayehesabu mawingu, na mwaka ule mawingu hayakuwapo.

Jiwe likaruka. Lilimpata Pimbi mdomoni, akaanguka.

Watoto walisimama pale pale walipokuwa. Mpira ulijiviringisha polepole ukasimama nao. Mzazi pekee aliyeshuka uwanjani ni Bi Ngiri. Alimbeba Pimbi mpaka kwenye kivuli cha mwamba, akabandua tope lililopoa mgongoni mwake mwenyewe, lile alilokuwa analitunza ili jua lisimchome, akampaka mdomoni. Jino moja la mbele lilikuwa limevunjika, jino la kung'olea miiba. Pimbi alijaribu kulia, ikatoka pumzi tupu.

"Refa amejiondoa!" Sungura alitangaza. "Mwenye kujiondoa amekubali! Bondeni tumeshinda! Twendeni!"

Wakatimua mbio mpaka kisimani, Fisi mbele ulimi nje, Simba nyuma kwa mwendo wa kiungwana ili asionekane ana kiu. Mwinuko nao wakawafuata wakilalamika. Bi Tembo alikuwa amekaa juu ya kisima. Alikuwa amekiziba kwa tonge kubwa la magome aliyoyatafuna, kama kawaida yake.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

"Kunywa, Bi Tembo," alisema Fisi. "Mchezo umekwisha."

"Sijasikia milio mitatu."

"Umekwisha vibaya kidogo," Sungura alisema. "Lakini umekwisha."

"Vibaya sijui. Najua milio mitatu. Kama haikulia, mchezo unaendelea, na kama unaendelea, hanywi mtu." Akajiegemeza vizuri juu ya kisima, na Bi Tembo akijiegemeza mahali, hapatokei wa kumsogeza.

Jua likapanda. Watoto wakaanza kulamba midomo. Mtoto mdogo wa Nyani akalia kwa kiu mpaka akanyamaza mwenyewe.

Sungura alimvuta Fisi nyuma ya kona. "Bi Tembo haoni mbali," alisema. "Anasikia tu. Lia kama Pimbi, mara tatu."

Fisi akavuta pumzi, akatoa sauti. Ikatoka "Uuuu-hi-hi-hi!" mpaka ndege wakaruka mitini.

"Huyo ni Fisi," Bi Tembo alisema kutoka kule alikokaa.

"Ndiye mimi," Fisi aliitikia kwa adabu.

"Nyamaza wewe!" Sungura alimkemea. Akakata tete kavu ukingoni, akalitoboa kwa meno, akalipuliza mara tatu. Kwa kweli lililia vizuri. Hata watoto waligeuka kutazama kama Mjomba Pimbi anakuja.

Bi Tembo alifungua masikio yake makubwa. "Hiyo nimeisikia," alisema. "Refa na aje mbele yangu."

Hakuna aliyekwenda. Wote walimtazama Sungura, na Sungura, akiiona kiu machoni mwao na sifa mbele yake, akajitokeza na tete lake.

"Ni mimi, Bi Tembo. Pimbi alichoka, akanikabidhi kazi. Bondeni wameshinda."

"Alikukabidhi wewe?"

"Mimi mwenyewe. Alisema hamwamini mwingine."

"Vizuri. Lakini kuna jambo, Refa. Miguu yangu husikia ardhini kila mpira unapopigwa. Nilisikia mlio mmoja, na baada yake sikusikia mpira kupigwa. Ile ilikuwa nini?"

"Penalti ya Mwinuko!" wakapiga kelele Mwinuko wote.

"Basi haijapigwa, na refa hamalizi mchezo juu ya penalti isiyopigwa. Rudini mkaimalize. Leo nakuja kutazama mwenyewe." Alilikandamiza lile tonge la magome kwa mguu, akatangulia. Kisha akageuka. "Na wewe, Refa, unaijua desturi. Utakunywa wa mwisho."

Masikio ya Sungura yalianguka yote mawili.

Uwanjani, Sungura alisimama katikati. Hakuwahi kusimama hapo. Kutoka kwenye mawe uwanja ulionekana mdogo, lakini sasa aliuona mpana, na kila alikogeukia palikuwa na meno. Akisema penalti ipigwe, Fisi yuko kushoto. Akisema isipigwe, Nyani na wenzake wako kulia, nao leo walikuwa wamejifunza mawe yako wapi.

"Nadhani..." Sungura alianza.

"Refa mwizi!" Fisi alipiga kelele.

"Fisi, jirani yangu, ni mimi!"

"Refa ni refa! Umenunuliwa wewe!"

"Nimenunuliwa na nani? Mimi ni wa Bondeni!"

"Kipofu!" wakasema wa kushoto.

"Muoga!" wakasema wa kulia. "Rudi shimoni kwako!"

Sungura alikimbilia chini ya kichuguu. "Mheshimiwa Mlezi, tafadhali, sema neno moja tu! Watanipiga!"

Simba alikuwa anatazama juu. "Sioni kitu," alisema. "Nahesabu mawingu."

Hapo Doa, mtoto wa Fisi, alisogea mpaka alipokaa baba yake. Alikuwa na jiwe mkononi. Nyuma yake walisimama Ngurumo, mtoto wa Sungura, Binti Swala na watoto wengine wote, wa Bondeni na wa Mwinuko pamoja, na kila mmoja alikuwa ameshika jiwe lake. Hawakuwa na hasira. Walikuwa wanangoja tu, kama watoto wanaongoja kuonyeshwa mchezo mpya.

"Baba," Doa aliuliza, "tunarusha sasa, au tunakungoja wewe uanze?"

Kelele zilikatika. Fisi alilitazama lile jiwe. Lilikuwa kubwa kuliko kiganja cha mwanawe, na mtoto alikuwa analishika vibaya, kwa kucha, asije akaliangusha.

"Weka chini," Fisi alisema kwa sauti ndogo.

"Mbona wewe ulirusha?"

Fisi akageuka kutafuta pa kujificha.

Bi Tembo alisogea. "Ulimrushia nani, Fisi?"

Hakungojea jibu kwa muda mrefu. Kutoka kwenye kivuli cha mwamba alikuja Pimbi, mdomo umevimba, umepakwa tope, anachechemea. Bi Ngiri alikuwa nyuma yake. Pimbi alipita katikati ya mawe na wenye mawe, akaenda akasimama kando ya Sungura, karibu kabisa, kama mtu anayegawana kivuli na mwenzake. Sungura alijisogeza kwake. Pimbi hakumsukuma.

"Ni Fisi!" Sungura alisema upesi. "Fisi ndiye aliyerusha!"

"Sungura aliniambia!" alisema Fisi. "Na Simba alikuwa anatazama!"

"Mimi sikuona," alisema Simba.

"Sisi tulikuwa tunashangilia tu," walisema waliokuwa juu ya mawe.

"Nilikuwa nataka kuuliza nani amerusha jiwe," Bi Tembo alisema. "Sasa naona niulize nani hakurusha. Ambaye hajamtukana refa huyu tangu tuanze, asimame."

Waliosimama walikuwa watoto, maana walikuwa hawajaketi. Bi Ngiri, ambaye tope lake lilikuwa mdomoni mwa Pimbi, alikaa chini pamoja na wengine. "Juzi nilimwita mbwa," alisema akitazama chini. "Alimtoa mwanangu nje. Na mwanangu alikuwa na makosa."

Pimbi alinyoosha mkono, akaonyesha mahali pa kupiga penalti. Watoto wakayaweka mawe chini, yakalia moja moja. Binti Swala alipiga, mpira ukaingia pembeni, na golikipa wa Bondeni akaenda kuuokota bila kununa.

Pimbi akainua kichwa apige milio mitatu. Haukutoka hata mmoja. Alijaribu tena, shavu likamuuma, akafumba macho. Sungura alimnyooshea tete, lakini Doa aliwahi. Alilia yeye, "Wiii!", kwa sauti yake ya kifisi. Ngurumo akadakia, "Wiii!" Halafu watoto wote wa pande mbili wakalia pamoja mlio wa tatu, mbaya, wa vicheko na ngurumo na kukoroma.

"Hiyo ndiyo halali," Bi Tembo alisema, akaenda kufungua maji.

Mwinuko walitangulia. Lakini Binti Swala, aliyekuwa mbele ya mstari, alirudi nyuma, akamshika Pimbi mkono, akamweka mahali pake. "Leo wewe si refa, Mjomba," alimwambia. "Refa ni Sungura, alisema mwenyewe." Ndivyo Pimbi alivyoyaona kwa mara ya kwanza maji meupe. Alikunywa kidogo tu, upande mmoja wa mdomo. Bondeni walikunywa tope. Sungura alipofika, alikuta mchanga mbichi. Aliulamba, akasahau kushukuru.

Siku hiyo hiyo Bi Tembo aliongeza sheria: kila mzazi atakuwa refa kwa zamu, akitumia tete la Sungura, mpaka mdomo wa Pimbi upone. Zamu ya kwanza ilimwangukia Simba. Alituma salamu kwamba anaumwa mguu. Mguu gani, hakusema, na alipopita jioni alikuwa anachechemea ule wa kushoto wakati wa kwenda na ule wa kulia wakati wa kurudi.

Basi akaingia Fisi. Alisimama katikati ya uwanja, jasho linamtoka, akaliweka tete mdomoni kuanzisha mchezo.

"Bado, baba," Doa alisema. "Mjomba Pimbi huanza na miiba."

Watoto walikuwa wamejipanga mstari mmoja. Wa kwanza alikuwa Binti Swala. Aliinua mguu wake mwembamba, akaunyoosha mbele ya Fisi, na kwenye kwato kulikuwa na mwiba umezama mpaka nusu.

Fisi aliutazama mguu ule. Mate yalimtoka, kwa sababu Fisi ni Fisi. Juu kwenye mawe hakuna aliyemwita mwizi, wala kipofu, wala mnunuliwa. Mama Swala alikuwa ameinuka nusu. Pimbi, aliyekuwa ameketi kando na tope lake mdomoni, alimtikisia kichwa kidogo, kama anayesema ndivyo, shika hapo chini, taratibu.

Fisi akafumba macho, akafungua mdomo wake mkubwa, akaufunga polepole. Akautoa mwiba. Mwiba peke yake.

Alihema kwa nguvu kama aliyepanda mlima, akautema mchangani, akapangusa mate kwa kiganja.

"Kumbe kazi ya refa ni ngumu hivi," alisema.

Akainama kwa aliyefuata.